Bata wa Baraka: siku tuliyolipa ada ya mwalimu wa jikoni

Ukurasa huu wa safari umezoea kuwaletea habari za njia na za wamama wenzetu tunaowatembelea. Leo tumerudi na chakula, na pamoja na chakula tumerudi na jambo moja ambalo tunaomba mlizungumze kwenye vikundi vyenu.

Tulikuwa wamama saba, tumetoka Uvira kwenda Baraka. Kikundi cha wamama wa kule, wenye AVEC yao ya kuweka na kukopeshana, walikuwa wametuandikia: "Njooni mwone namna tunavyofuga bata, na mmoja wetu atawapikia kama Wafaransa wanavyopika." Tulicheka tuliposoma. Bata tunamjua, Kifaransa tunakisikia kila siku kwenye ofisi na shuleni, lakini bata kwa Kifaransa hatukuwahi kumwona kwenye sahani. Tukafunga safari.

Kutoka Uvira mpaka Baraka ni kama kilomita 100, na kwenye ramani ni mstari tu unaofuata ziwa. Ila ilikuwa mwezi wa nne, mvua bado inanyesha, na barabara ya taifa namba 5 inapolowa haina haraka na mtu. Tulipita Makobola, tukapita Mboko, tukapita Lusenda ambako wakimbizi wa Burundi wako kambini. Mkono wa kuume ni milima, mkono wa kushoto ni Tanganyika. Kila kijiji kina mawese yake kwenye bidoni kando ya njia, kina muhogo umeanikwa, kina ndagala wametandazwa mchangani kama shuka ya fedha. Mara mbili tulishuka ili gari lipite kwenye matope, nasi tukatembea na viatu mkononi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya milima tulipoingia Baraka.

Kwa asiyepajua: Baraka iko ndani ya ghuba. Mbele yako ng'ambo ya maji unaona rasi ya Ubwari, ndefu kama mkono ulionyooshwa, na asubuhi jua linachomoza upande huo. Wazungu wameiandika ghuba hiyo kwenye ramani zao kwa jina la Burton, Mwingereza aliyefika ziwani mwaka 1858. Wenyeji wanaita ziwa tu. Usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa ndagala zinajaa majini hadi unafikiri kuna mji mwingine upande wa pili. Miaka hii ziwa limepanda pia, na wenyeji walituonyesha mahali penye maji ambapo zamani palikuwa na nyumba za watu.

Tulifikia kwa mama mmoja ambaye kikundi kizima kinamwita Mama Mkubwa. Nasi tulimwita hivyo. Umri wake umepita miaka 65, mgongo bado umenyooka. Anaishi na mjukuu wake wa kike, msichana wa darasa la mwisho la sekondari, mpole, mwenye daftari mkononi hata anapochochea moto. Ua wao una mwembe mmoja, jiko la nje la mabati, beseni kubwa la maji lililozikwa ardhini, na bata.

Bata wenyewe ni wale mnaowajua: wakubwa, weusi na weupe, dume ana nyama nyekundu usoni kama amejipaka pilipili. Hapigi kelele kama bata wengine, anapumua tu kwa sauti kama mtu mwenye mafua. Mama Mkubwa alituambia kitu ambacho hatukukijua. Bata huyu asili yake ni Amerika ya Kusini, na huko Ufaransa wanamfuga sana, wanamwita kanari ya Barbari, canard de Barbarie. Kwa hiyo bata aliye uani kwako Baraka au Uvira ndiye huyohuyo anayewekwa mezani kwenye miji ya Ufaransa. "Watu wanadhani chakula cha Kifaransa kinatoka dukani," alisema. "Kinatembea hapa na kukanyaga vyungu vyangu."

Kufuga kwake si kazi kubwa. Bata anakula majani, wadudu, maganda ya muhogo na mabaki ya bugali. Magonjwa mengi yanayomaliza kuku hayamsumbui sana. Jike analalia mayai yake mwenyewe siku 35 hivi, na kuku ni siku 21, basi mwenye bata lazima awe na subira ya wiki mbili zaidi. Anachotaka ni maji safi ya kunywa na mahali pakavu pa kulala. Vifaranga wasiachwe kwenye mvua na baridi siku za kwanza, maana manyoya yao bado ni laini na wanakufa upesi.

Jioni hiyo, tukinywa chai ya mchaichai, tuliuliza: na huu upishi wa Kifaransa, Mama Mkubwa, ulikufikiaje?

Jibu lake lilikuwa refu, nasi tunalifupisha. Wazazi wake walikaa Usumbura, mji ambao leo ni Bujumbura, wakati wa Wabelgiji. Baba yake alikuwa mpishi katika nyumba ya wazungu. Zamani hizo kupikia wazungu ilikuwa kazi ya wanaume, na mwanaume huyo alipofika kwake hakugusa sufuria. Mama yake alikuwa akienda kwenye foyer social, zile nyumba za mafunzo ambazo Wabelgiji walifungua Usumbura kuanzia mwaka 1946 ili kufundisha wanawake wa mjini kushona, kufua, kulea watoto na kupika. Huko walifundishwa usafi wa jikoni na kupima vitu kwa kijiko. Lakini bata kwa machungwa hakufundishwa huko. Alimfundishwa na mumewe, jioni, kwa maneno tu. Baba anaketi kwenye kiti, anasimulia alichopika mchana. Mama anasikiliza. Jumapili moja moja akipatikana bata, mama anapika na baba anaonja na kusema: bado, sukari imeungua, bado, umeharakisha.

"Na wale hawakuwa Wafaransa hata kidogo," Mama Mkubwa alicheka. "Walikuwa Wabelgiji. Ila walipotaka kula vizuri, walikula Kifaransa."

Baadaye familia ilirudi Fizi. Vita vya mwaka 1996 vilipokuja, Mama Mkubwa alivuka ziwa na watoto wake kama maelfu ya watu wa Fizi, akaishi kambini Tanzania, upande wa Kigoma. Kambini chakula kilikuwa cha mgao: unga wa mahindi, maharagwe, mafuta, chumvi. Bata hakuna, machungwa ni ya kuota. Basi akawa anapika maharagwe na huku anawasimulia binti zake: sasa hapa ngozi inaanza kutoa mafuta, sasa hapa unamwaga maji ya machungwa. Wanawe wanacheka, wanakula maharagwe. Mwaka 2005 wakimbizi walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma mpaka Baraka, alijiandikisha, na mwaka uliofuata akashuka ufukweni na mabunda mawili. Kitu cha kwanza alichonunua baada ya sufuria na jembe kilikuwa bata wawili, jike na dume.

Hapo tulinyamaza. Tulikuwa tumekuja kutafuta upishi wa kujifurahisha.

Asubuhi, kabla jua halijatoka vizuri juu ya Ubwari, tulisikia sauti nyuma ya nyumba. Mjukuu alikuwa anasema polepole, kwa adabu, lakini kwa uchungu: "Bibi, dume huyu si ndiye wa mtihani?"

Na Bibi akajibu: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nenda ulete kisu."

Tulielewa. Ninyi wamama mmeelewa pia. Shule ya msingi ya serikali tangu mwaka 2019 wazazi hawalipi ada, lakini sekondari tunalipa bado, na mtoto wa darasa la mwisho ana gharama za mtihani wa serikali, ule wa diploma. Asipolipa kwa wakati, jina lake linabaki nje. Mama Mkubwa alikuwa amehesabu bata wake kichwani kama wengine wanavyohesabu pesa kwenye kitambaa: huyu wa daftari, yule wa sabuni, na madume matatu makubwa ya mtihani. Sisi tulikuwa tumekuja kula moja katika yale matatu.

Tukaenda nyuma ya mwembe, wamama saba, tukafanya kikao cha dakika tano. Mmoja alisema tukatae, tuseme hatuli bata. Haiwezekani, hilo ni tusi. Mwingine alisema tununue yule bata. Tukamwuliza: umewahi kuona mgeni anauliza bei ya chakula alichoandaliwa? Utamfanya mwenyeji mwenye hoteli. Ndipo mtunza pesa wetu, ambaye husema kidogo, akasema: "Sisi hatukuja kula. Barua ilisema tuje kujifunza. Mwalimu hulipwa."

Tukarudi uani, tukamwambia Mama Mkubwa kwamba katika chama chetu kuna sheria: anayetufundisha kazi ya mikono anapewa ada ya mafunzo, kutoka kwenye mfuko wa jamii. Sheria hiyo ilikuwa na umri wa dakika tano, lakini tangu siku hiyo ni sheria kweli, tumeiandika. Alitutazama mmoja mmoja. Nadhani alijua. Kisha akasema: "Sawa. Lakini mwalimu hapiki, mwalimu anaangalia. Mtapika ninyi. Mkiunguza, sipokei hata faranga moja."

Basi, wamama, hivi ndivyo tulivyopika, na mtaona kwa nini mikono yetu ilitetemeka.

Kwanza ni kuchinja na kunyonyoa. Manyoya ya bata hayapitishi maji, ndiyo maana haloi ziwani. Ukimwagia maji ya moto kama unavyofanya kuku, yanateleza tu. Tia sabuni kidogo au majivu kwenye maji ya moto, yasiyochemka, umzamishe bata na kumgeuzageuza dakika chache mpaka maji yaingie mpaka ngozini. Ukiisha kunyonyoa, pitisha kwenye moto wa majani makavu kuunguza vinyoya vidogo, kisha mwoshe kwa maji safi. Mama Mkubwa alisisitiza maji: Baraka inajua kipindupindu, na yeye hatumii maji ya ziwa jikoni bila kuyachemsha. Kisu na ubao wa nyama mbichi tuliviosha kwa sabuni kabla ya kukata kitu kingine.

Halafu, juu ya mkia, kuna kitezi kidogo chenye mafuta, ambacho bata hutumia kupaka manyoya yake. Kikate chote. Wengi wanaosema bata ananuka, wamepika kitezi hicho. Mama Mkubwa alikitupa mbali na kusema: "Sifa mbaya yote ya bata iko hapa."

Tulimkata vipande: mapaja mawili, kidari pande mbili, mabawa, mgongo. Shingo, firigisi na mgongo tulivitia kwenye sufuria yenye maji, kitunguu kimoja na majani ya seleri, tukaviacha vichemke polepole kuwa supu. Vipande vya nyama tulivipaka chumvi kijiko kimoja kikubwa na kitunguu saumu kilichopondwa, tukavifunika kwa kitambaa safi kivulini, kwa muda wa saa mbili. Chumvi inahitaji muda kuingia. Siku ya joto kali msizidishe muda huo.

Sasa jambo la kwanza la Kifaransa. Sisi tukianza kukaanga, tunatia mafuta kwanza na kuyachemsha. Hapa hutii mafuta. Ngozi ya bata inachanjwa kwa kisu mistari midogo, bila kufika kwenye nyama. Kisha unaweka vipande kwenye sufuria baridi, ngozi chini, ndipo unaweka sufuria kwenye mbabula yenye makala machache. Polepole mafuta yaliyo chini ya ngozi yanayeyuka na kutoka yenyewe. Ukiweka moto mkali, ngozi inafunga na kuungua, mafuta yanabaki ndani na nyama inakuwa nzito mdomoni. Tulikaa karibu nusu saa tukisikia mlio mdogo tu wa kukaanga. Mama Mkubwa alimzuia mmoja wetu aliyenyoosha mkono kupuliza moto: "Wewe una haraka ya kwenda wapi?"

Mafuta yaliyotoka tuliyamimina kwenye kibakuli, tukabakiza vijiko viwili. Ndani yake tulitia vitunguu vitatu, karoti tatu, puaro mbili na seleri, vyote vimekatwa. Vilipolainika tukarudisha mapaja na mabawa, tukamimina supu ya mgongo mpaka nusu ya nyama, na maji ya machungwa manne. Tukafunika, na juu ya kifuniko tukaweka makala yenye moto. Ndivyo unavyopata oveni bila oveni: joto chini, joto juu. Moto uwe mdogo, supu itetemeke tu. Bata aliyekomaa anataka saa mbili na nusu. Kidari tulikitia saa moja kabla ya mwisho, maana kinakauka mapema.

Hapa tuseme jambo moja. Kule Ufaransa kidari cha bata wanakila kikiwa chekundu ndani. Mtindo huo si wa zamani sana, ulianzishwa na mpishi André Daguin wa mji wa Auch mwishoni mwa miaka ya 1950. Sisi tusiufuate. Bata wetu wanazunguka kila mahali, hatuna barafu, na tunapikia watoto. Pika mpaka ndani pasiwe na damu.

Kisha tukafika kwenye mchuzi, na hapo ndipo tulipokaribia kumnyima mwalimu ada yake.

Mchuzi huu unaanza na sukari. Vijiko vinne vya sukari vinawekwa peke yake kwenye sufuria ndogo, bila maji, juu ya moto wa wastani. Inayeyuka, inakuwa kama asali, kisha kama chai ya rangi. Hapo unaiondoa motoni mara moja na kumimina siki vijiko vitatu, ile tunayoita vinegre. Simama mbali, inaruka. Sukari inaganda kama jiwe, usiogope, rudisha motoni itayeyuka tena. Ndipo unatia maji ya machungwa sita na ya malimau mawili, unaacha yapungue mpaka yawe mazito.

Aliyeshika sufuria hiyo ni mmoja wetu ambaye hatutamtaja, naye anatushukuru. Aligeuka kutuambia kitu, na sukari haingoji. Moshi mweusi ukatoka. Harufu ya kuungua ikaenea ua mzima. Tulimtazama Mama Mkubwa. Hakusema neno. Mjukuu alitazama chini kwenye daftari lake. Mtunza pesa wetu alishika kichwa.

Aliyeunguza akaweka sufuria chini, akatoka mbio mpaka kwenye kibanda cha njiani, akarudi na sukari mpya kwenye sasheti, jasho linamtoka. Akasema: "Mama Mkubwa, nakuomba, mwanafunzi anaruhusiwa kurudia mtihani?" Mama Mkubwa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. "Mara moja," alisema.

Mara ya pili wamama sita tulisimama kumzunguka, hakuna aliyezungumza. Ilitoka rangi ya asali ya milimani. Siki, machungwa, malimau. Malimau yana sababu yake: mchuzi wa zamani wa Kifaransa ulipikwa kwa machungwa machungu, siyo matamu, nao ukali huo ndio unaopambana na mafuta ya bata. Machungwa ya Baraka yana utamu, malimau yanaleta ukali uliokosekana. Tulitia pia maganda ya chungwa moja, yale ya juu tu bila weupe, yamekatwa nyembamba na kuchemshwa kwanza peke yake ili kupunguza uchungu. Mwisho tukachuja supu ya bata, tukaondoa mafuta yaliyoelea, tukachanganya na mchuzi huu. Tone la chumvi, pilipili manga kidogo. Wafaransa wengine hutia pombe ya machungwa. Baba wa Mama Mkubwa aliiacha alipomfundisha mkewe, maana nyumbani kwao haikuwapo. Kwa hiyo hata wenzetu Waislamu, bata akichinjwa kwa sheria, wanaweza kula sahani hii bila wasiwasi.

Saa nane mchana tulikaa mkekani. Bata mmoja, watu 12: sisi saba, Mama Mkubwa, mjukuu, na wamama watatu wa kikundi chao. Bugali wa muhogo, lengalenga, na sinia la bata lenye mchuzi unaong'aa. Kila mtu alipata kipande kidogo, lakini mchuzi ulitosha wote, na bugali na mchuzi ule ni marafiki ambao hawakujua kwamba ni marafiki. Nyama iliachia mfupa yenyewe. Ilikuwa tamu, kali, na chini kabisa kuna uchungu mdogo wa ganda. Mama Mkubwa alionja, akafumba macho, tukangoja. Akasema: "Baba angesema: umeharakisha kidogo." Kisha akaongeza: "Lakini angekula."

Akapokea ada. Alihesabu mbele yetu, kama mtu anayepokea mshahara, akampa mjukuu aweke. Msichana hakusema kitu, alikuja tu kukusanya sahani zetu na kukataa tusimsaidie kuosha.

Baada ya chakula tulizungumza na wamama wa kikundi kuhusu bata kama kazi. Wao wanaona hivi: bata mzima ukimwuza sokoni, unapata bei ya bata. Bata huyohuyo ukimpikia watu kwenye harusi, au wageni wa mashirika waliojaa Baraka, unapata bei ya chakula cha watu 12, na mafuta na supu vinabaki kwako. Mafuta yale ya kwenye kibakuli Mama Mkubwa aliyatumia kesho yake kukaangia viazi, na mifupa ilipikiwa maharagwe. Hakuna kilichotupwa isipokuwa manyoya na kile kitezi.

Na hapo ndipo tulipoelewa upishi huu. Wengi wetu tukisikia neno Kifaransa tunafikiri hoteli, divai na vitambaa vyeupe. Lakini kule kusini-magharibi ya Ufaransa, sehemu za Gascogne, wanawake wa mashambani walikuwa wanapika mapaja ya bata polepole ndani ya mafuta yake, kisha wanayahifadhi kwenye vyungu, yamefunikwa na mafuta hayo, ili nyama ya msimu wa baridi iliwe miezi ya mbele. Wanaita konfi. Ni akili ileile ya mama wa Baraka anayeanika ndagala mchangani au kukausha mikeke kwa moshi: mwanamke asiye na friji anayetaka kesho kuwe na mboga. Msijaribu kuhifadhi nyama kwenye mafuta kwa wiki nyingi huku kwetu. Wao wana vyumba vya chini vyenye baridi, sisi tuna joto la ziwa, na nyama iliyofungiwa mafuta bila baridi inaweza kuleta sumu isiyo na harufu. Pika, mle siku hiyo, na kilichobaki kichemshwe vizuri na kuliwa kesho yake asubuhi. Kinachofaa kuchukuliwa kwao ni ile subira, na kutotupa kitu.

Tuliondoka siku ya pili alfajiri. Mama Mkubwa alitusindikiza mpaka barabarani, akatufungia machungwa kwenye kitambaa. Nyuma yake uani madume mawili yalikuwa yanatembea karibu na beseni. Mjukuu alikuwa amekwenda shuleni mapema, na pesa za mtihani mfukoni.

Wamama wapenzi, swali letu kwa vikundi vyenu ni hili. Tunapotembeleana, mwenyeji anachinja. Ni desturi nzuri, hatutaki ife. Lakini mara ngapi tumekula daftari la mtoto wa mtu bila kujua? Sisi tumeamua: ziara yoyote ya chama, ada ya mwalimu inatengwa kabla ya kuondoka nyumbani, inatolewa kwa heshima, na haiitwi bei ya chakula. Zungumzeni, mtuletee mawazo kwenye mkutano wa Jumamosi.

Na atakayepika bata wa machungwa wiki hii, atuambie sukari yake ilitoka rangi gani. Ikiungua, asione haya. Atume mtoto kibandani, arudie mara moja.